Usiuzibe Mlango wa Dharura: Plasta ya Mdomo na Mashine ya Hewa ya Usiku

Katika toleo hili tunajibu swali ambalo wenzetu walioko Juba wametuletea zaidi ya mara moja. Swali lenyewe ni hili. Mfanyakazi amepimwa akaonekana ana ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Amepata mashine ya kupuliza hewa puani, naye anaivaa kila usiku kama alivyoagizwa. Lakini kila asubuhi anaamka kinywa kikavu, koo linawasha, na mchana bado anasinzia kazini, kwa sababu akishalala mdomo unaachama na hewa yote inatokea hapo. Mwenzake anamwambia: "Bandika plasta mdomoni tu, watu wengi wanafanya hivyo." Plasta si ghali, na inapatikana katika maduka ya dawa ya Konyo Konyo, Custom na Gumbo. Je, abandike?

Jibu letu kwa kifupi ni kwamba asibandike kwa uamuzi wake mwenyewe, na hasa asibandike mahali ambapo umeme unaweza kukatika akiwa amelala. Lakini chama hakitoi amri bila kueleza sababu. Kwa hiyo tunawaomba mtufuate hatua kwa hatua, ili kila mmoja aelewe, na aweze kumweleza jirani yake wa mashine au wa shamba.

UGONJWA HUU NI NINI?

Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kwa watu wengine hulegea mno, hata ulimi na nyama laini iliyo nyuma ya kaakaa huangukia nyuma na kuiziba njia ya hewa. Kifua huhangaika kuvuta, lakini hewa haipiti. Hali hiyo ikidumu sekunde 10 au zaidi, madaktari huihesabu kuwa mkatiko mmoja wa pumzi. Oksijeni katika damu hushuka, ubongo hushtuka, mtu huzinduka kidogo, hutweta au hukoroma kwa kishindo, kisha hulala tena bila kukumbuka lolote.

Pumzi ikikatika au ikipungua sana mara 5 mpaka 14 kwa saa, ugonjwa huitwa mdogo. Mara 15 mpaka 29 huitwa wa kati. Mara 30 na kuzidi huitwa mkubwa. Piga hesabu mwenyewe: mwenye ugonjwa mkubwa akilala saa saba, usingizi wake unavurugwa mara 200 na zaidi kwa usiku mmoja. Saa saba alilala kitandani, lakini mwili haukupumzika.

Wataalamu walikadiria mwaka 2019 kwamba watu karibu milioni 936 duniani, wenye umri wa miaka 30 mpaka 69, wana ugonjwa huu, mdogo au mkubwa. Kwa hiyo si ugonjwa wa mabwana wakubwa peke yao. Unawapata wanene zaidi, lakini wembamba nao hawakusalimika. Unawapata wanaume zaidi, lakini akina mama wanao pia, hasa baada ya kukoma hedhi.

Dalili zake ni hizi: kukoroma kwa nguvu kila usiku, pumzi kusimama, jambo ambalo mwenye kuliona ni mke, mume au mwenzako wa chumba, si wewe, kuamka ukipaliwa, kichwa kuuma asubuhi, na kusinzia mchana hata ukiwa umelala saa za kutosha. Ukiachwa bila matibabu, ugonjwa huu huandamana na shinikizo la damu, maradhi ya moyo na kiharusi.

KUSINZIA KAZINI SI UVIVU SIKU ZOTE

Wenzetu wangapi wamepewa barua ya onyo kwa kusinzia zamu ya usiku? Wako waliostahili, hatukatai. Lakini wako pia waliokuwa wagonjwa bila kujijua.

Tarehe 1 Desemba 2013, mjini New York, treni ya abiria iliacha reli kwenye kona ya Spuyten Duyvil, eneo la Bronx. Watu 4 walikufa na makumi walijeruhiwa. Treni ilikuwa ikienda karibu kilomita 132 kwa saa mahali palipotakiwa kilomita 48. Uchunguzi wa serikali ya Marekani ulionyesha kwamba dereva alisinzia. Alikuwa na ugonjwa mkubwa wa kukatika pumzi usingizini ambao hakuna aliyewahi kuugundua, na muda mfupi kabla ya ajali alikuwa amebadilishiwa zamu, kutoka ya mchana kwenda ya alfajiri. Ugonjwa na ratiba ya kazi vilisaidiana kumlaza.

Tuyalete hayo kwetu. Madereva wa malori wanaotoka Mombasa na Kampala, wakivuka mpaka wa Elegu na Nimule, wanaijua barabara ya lami ya kilomita 192 kutoka Nimule mpaka Juba. Dereva akisinzia sekunde tano tu kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, lori limekwenda zaidi ya mita 100 bila mwenyewe. Hali kadhalika aliye kwenye mashine ya kupasua mbao, kwenye boila, au anayepanga chupa katika kiwanda cha maji. Ndiyo maana tunalihesabu jambo hili kuwa la usalama kazini. Si la chumbani peke yake.

MASHINE YA HEWA INAFANYAJE KAZI?

Mwaka 1981, daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walitangaza njia ya kutibu ugonjwa huu bila kisu. Walikuwa wamewatibu wagonjwa 5 kwa kuwapulizia hewa puani wakiwa wamelala. Mashine zilizotokana na kazi hiyo ndizo madaktari wanazoziita kwa herufi CPAP.

Watu wengi hudhani ni mashine ya oksijeni, lakini sivyo. Inachukua hewa ile ile ya chumbani, inaichuja, na kuisukuma kwa nguvu ndogo isiyokoma kupitia bomba mpaka kwenye barakoa ya puani. Chukua mfano wa mpira wa kumwagilia bustani. Ukiwa hauna maji, umelala bapa. Ukiufungulia maji, unajaa na kusimama. Ndivyo hewa ya mashine inavyoisimamisha njia ya koo isianguke. Mashine haiponyi ugonjwa moja kwa moja. Inauzuia kwa usiku ule tu ambao umeivaa.

MDOMO UKIFUNGUKA, NINI HUTOKEA?

Sasa toboa ule mpira wa bustani katikati. Maji yanamwagikia njiani na mpira unalegea. Mdomo unapoachama, hewa iliyoingia puani hugeuka na kutokea mdomoni, shinikizo hushuka, na koo laweza kuziba tena. Mgonjwa ana mashine usoni, lakini matibabu yamevuja.

Liko jambo la pili. Hewa inayopita kwa wingi puani na kutokea mdomoni hukausha pua. Pua ikikauka huvimba ndani na kuziba. Ikiziba, mtu hutafuta hewa kwa mdomo zaidi, na mdomo ukifunguka zaidi, pua hukauka zaidi. Ni duara la shida, kila kipande kikisukuma kingine.

Na Juba duara hilo huanza mapema. Wakati wa kiangazi vumbi la barabara za udongo huingia kila mahali, na joto la Februari na Machi hukaribia nyuzi 38. Ongeza vumbi la saruji kwa wajenzi, la mbao kwa maseremala, la nafaka kwa wasaga unga. Mfanyakazi anafika kitandani pua imekwisha ziba kabla hajawasha mashine. Huyu si kwamba mdomo wake una kasoro. Mdomo unafunguka kwa sababu pua imeshindwa kazi.

PLASTA: WATAALAMU WAMEONA NINI?

Hatutaki kuwaambia kwamba plasta ni upuuzi mtupu, maana si kweli. Utafiti mmoja wa Taiwan uliotolewa mwaka 2022 uliwachukua watu 20 wenye ugonjwa mdogo, wanaopumua kwa mdomo. Walipofungwa mdomo kwa plasta, bila mashine, mikatiko ya pumzi ilipungua kwa wengi wao. Hilo ni jema, lakini angalieni: ni watu 20 tu, na wote walikuwa na ugonjwa mdogo.

Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti mwingine wa wagonjwa 54 waliochunguzwa wakiwa wamelazwa kwa dawa. Kwa wale waliokuwa wakipumua kwa mdomo kiasi tu, kuufunga mdomo kulisaidia hewa kupita. Lakini kwa wale waliokuwa wakitegemea mdomo sana, kuufunga kuliwapunguzia hewa. Yaani wale wenye mdomo wazi zaidi, ambao ndio wanaoshawishika zaidi kununua plasta, ndio ambao huenda ikawadhuru.

Kisha mwaka 2025 ukatoka uchambuzi uliokusanya tafiti 10 zenye watu 213 kwa jumla. Matokeo yake: ushahidi wa faida ni mdogo, na mtu mwenye pua iliyoziba anaweza kukosa hewa. Kwa hiyo anayekuambia plasta ni dawa iliyothibitishwa kwa kila mkoromaji, anakuambia lisilojulikana.

Tunawaonya pia wale wasio na mashine na ambao hawajapimwa, wanaobandika plasta ili wasikorome. Hao wanaweza kunyamazisha king'ora na kuuacha moto ukiendelea. Kukoroma kunatoa habari kwamba huenda koo linaziba. Mke akiacha kusikia kelele, atadhani mumewe amepona.

MDOMO NI MLANGO WA DHARURA

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Kila mfanyakazi wa kiwandani anajua maana ya mlango wa dharura. Siku 364 hautumiki. Msimamizi anaweza kusema unapoteza nafasi, tuufunge, tuweke magunia. Siku ya 365 ndiyo ya moto. Tarehe 25 Machi 1911, katika kiwanda cha nguo cha Triangle mjini New York, wafanyakazi 146, wengi wao wasichana, walikufa kwa moto huku mlango mmoja wa kutokea ukiwa umefungwa kwa ufunguo. Vyama vya wafanyakazi havijaisahau siku hiyo.

Mwili nao una mlango wa dharura. Njia ya kawaida ya kupumua ni pua. Pua ikiziba, mdomo unafunguka wenyewe, hata usingizini. Hakuna anayeuamuru. Ni ulinzi tuliozaliwa nao.

Watengenezaji wa mashine wanalijua hilo. Barakoa kubwa inayofunika pua na mdomo pamoja ina valvu ndogo ya usalama. Mashine ikizimika, valvu hujifungua na mgonjwa anavuta hewa ya chumbani. Barakoa ya puani peke yake kwa kawaida haina valvu hiyo. Kwa nini? Kwa sababu inategemewa kwamba mashine ikizimika, mgonjwa atafungua mdomo. Mdomo ndio valvu yake.

Sasa tazameni Juba. Umeme wa jiji ulirudishwa mwishoni mwa mwaka 2019, lakini haujafika kila nyumba, na wengi wetu bado tunaishi kwa jenereta au kwa sola. Katika kambi nyingi na nyumba za kupanga, jenereta huzimwa usiku ili kuokoa mafuta. Tuseme mfanyakazi amelala saa nne, barakoa ya puani usoni, plasta mdomoni. Saa sita jenereta inazimwa. Feni ya mashine inasimama. Hewa mpya haisukumwi tena. Tundu dogo la kutolea pumzi chafu linahitaji msukumo wa feni ili lifanye kazi yake. Bila msukumo huo, mgonjwa huanza kuvuta tena sehemu ya pumzi aliyokwisha itoa, iliyobaki katika barakoa na bomba. Wakati huo huo koo, lililokuwa limesimamishwa na hewa, linaanguka na kuziba. Mwili unataka kufungua mdomo, nao umebandikwa.

Tuseme ukweli wote: watu wengi wataamka, wataing'oa plasta na barakoa, na kulala tena. Lakini si wote wanaoamka upesi. Aliyekunywa araki au bia nyingi, aliyemeza vidonge vya usingizi au dawa kali za maumivu, aliyechoka baada ya zamu mbili mfululizo, huyo huchelewa kuzinduka. Na mwenye malaria akitapika usiku mdomo ukiwa umefungwa, matapishi yanaweza kurudi na kuingia mapafuni. Hatuwezi kumshauri mfanyakazi auweke uhai wake juu ya bahati ya kuamka.

YA KUFANYA KABLA YA KUFIKIRIA PLASTA

Mdomo unaofunguka una sababu. Tuitafute sababu, hatua moja baada ya nyingine.

1. Anza na pua. Kabla ya kulala, oga au nawa uso kuondoa vumbi, kisha safisha pua kwa maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe kimoja cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Tunasisitiza yaliyochemshwa. Maji ya magari ya tanki yanayotoka Mto Nile yasiingie puani mabichi. Dawa za kupuliza za kuzibua pua haraka zisitumike zaidi ya siku chache, maana zikizoeleka pua huziba kuliko mwanzo. Pua ikiendelea kuziba kwa majuma, mwone daktari. Huenda ni mzio, au nyama imeota ndani, au mfupa wa kati umepinda, na yote hayo yana tiba.

2. Tia unyevu. Mashine nyingi zina chombo cha maji cha kulainisha hewa. Kitumie, kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa, na ukioshe kila siku. Safisha pia chujio la hewa, maana katika vumbi letu linajaa upesi.

3. Angalia barakoa. Ikiwa kubwa mno, ndogo mno, au mpira wake umechakaa, hewa huvuja na mgonjwa hulazimika kuhangaika. Mashine nyingi huandika kiasi cha hewa kinachovuja. Mwombe daktari au fundi wake akusomee.

4. Shinikizo lipimwe upya. Likizidi linaweza kuusukuma mdomo ufunguke, na likipungua koo huziba. Usilibadilishe mwenyewe kwa kubahatisha.

5. Lala ubavu. Kulala chali huuangusha ulimi na taya. Na pombe iepukwe jioni, kwani huilegeza misuli ya koo.

6. Ukanda wa kidevu. Ni utepe wa kitambaa unaozunguka kichwa na kuushikilia mdomo usiachame. Hauzibi njia, mtu akitaka hewa anaweza kufungua midomo. Lakini ukanda peke yake bila mashine hautibu ugonjwa huu.

7. Barakoa ya pua na mdomo. Mtu ambaye pua yake haitabiriki, au anayeishi penye umeme wa kukatika, mara nyingi hii ndiyo njia ya usalama zaidi, kwa sababu ya ile valvu tuliyoieleza. Ni kubwa na wengine huiona nzito, lakini kwayo mdomo ukifunguka matibabu hayapotei.

DAKTARI AKIKUBALI PLASTA

Wako madaktari wanaoiruhusu kwa wagonjwa wachache baada ya kuwapima. Hatuwapingi. Lakini masharti yawe wazi. Pua zote mbili ziwe zimepimwa na ziko wazi. Plasta iwe ya aina laini ya ngozi, kipande chembamba kiwekwe wima katikati ya midomo, si kufunga mdomo wote, na ncha yake iachwe imekunjwa ili ing'oke kwa mvuto mmoja. Isitumike usiku wa mafua, homa, kichefuchefu au kiungulia kikali. Isitumike siku ya pombe wala ya vidonge vya usingizi. Isitumike kwa mtoto, kwa mwenye kifafa, wala kwa mtu asiyeweza kuing'oa kwa mkono wake mwenyewe. Isitumike umeme usipokuwa wa uhakika mpaka asubuhi. Na gundi ya fundi umeme au ya kufungia maboksi isiguse uso wa binadamu kabisa.

UMEME WA USIKU NA MASHINE ZA MITUMBA

Bila kupasha maji moto, mashine nyingi za aina hii hula wati 30 mpaka 60. Tuchukue wati 40 kwa saa 8: jumla 320. Betri ya volti 12 yenye ampea 100 ina takriban 1,200, na kwa betri ya kawaida ya asidi haifai kutumia zaidi ya nusu, yaani 600. Kwa hiyo betri moja nzima, ikichajiwa mchana kwa sola au jenereta, inaweza kumvusha mgonjwa usiku mmoja. Wenzetu wanaochangia chumba wanaweza kuchangia betri.

Jenereta isiwashwe ndani ya chumba, wala barazani, wala chini ya dirisha. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Usimkimbie chui ukamwangukia simba.

Mashine za mitumba zinazoletwa na jamaa kutoka ng'ambo ziangaliwe. Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kurudishwa kwa mashine zake nyingi za aina hii, kwa kuwa sponji la kupunguza kelele lililo ndani lingeweza kumeguka na kuingia katika njia ya hewa. Kabla ya kununua, soma jina na namba ya mashine, umwonyeshe daktari. Tena mashine hurekebishwa kwa mgonjwa mmoja mmoja. Shinikizo la mtu wa Nairobi si lako.

KAZI YA CHAMA NI IPI?

Kipimo cha kulala hakipatikani kila hospitali. Hospitali ya Mafunzo ya Juba ndiyo hospitali kuu ya rufaa ya nchi, na hapo ndipo pa kuanzia kumwona daktari na kupimwa shinikizo la damu, kisukari na pua. Wengi hulazimika kusafiri hadi Nairobi kwa kipimo chenyewe. Safari hiyo inahitaji ruhusa, nauli na siku za kazi. Mfanyakazi peke yake hana uwezo wa kuvipata hivyo, lakini tawi linaweza kuvidai.

Mwezi Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani liliingiza usalama na afya mahali pa kazi katika haki za msingi za mfanyakazi, pamoja na haki ya kuunda chama. Sudan Kusini ina Sheria yake ya Kazi ya mwaka 2017. Uganda ina sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2006, Kenya ya mwaka 2007, na Tanzania ya mwaka 2003. Karatasi zipo. Wawakilishi wetu wazitumie kudai mambo haya:

Kwanza, mfanyakazi anayesinzia mara kwa mara apelekwe kupimwa kabla ya kupewa barua. Pili, aliyegunduliwa asiachishwe kazi, bali apewe kazi isiyo ya hatari mpaka matibabu yashike. Tatu, madereva na watu wa zamu wapate saa kamili za kupumzika, na zamu zisibadilishwe ghafla. Nne, vumbi lipunguzwe kwenye chanzo chake, maana pua inayozibwa kazini ndiyo inayomnyima mtu usingizi nyumbani. Tano, katika kambi za wafanyakazi, mwenye mashine apewe umeme au betri ya usiku kucha. Mafuta ya jenereta yasipimwe dhidi ya pumzi ya mtu.

Ndugu wafanyakazi, tunajua kwa nini plasta inavutia. Barakoa nzuri ni ghali, daktari yuko mbali, na plasta ipo dukani leo hii. Mnyonge siku zote huuziwa kitu cha rahisi. Lakini rahisi inayofunga mlango wa dharura si rahisi tena. Mwenye mashine na azungumze na daktari wake juu ya pua na barakoa. Mwenye mwenzake anayekoroma na kukatika pumzi, asimcheke, amwambie asubuhi alichokiona usiku, maana mgonjwa mwenyewe hawezi kukiona. Na anayelala na plasta usiku huu katika nyumba ya jenereta, tunamwomba aiondoe kabla ya kuzima taa.

Umoja ni nguvu, na afya ya mmoja ni usalama wa wote.